Spana Irudi Wapi: Mpangilio wa Kazini Unavyojengwa na Kudumu

Fundi amelala chini ya mashine, imebaki bolti moja. Ananyoosha mkono pembeni bila kugeuza kichwa, anapapasa sakafuni: spana namba 13 haipo. Anatoka, anafuta mikono kwa tambara, anavuta droo ya kwanza, ya pili, anamwuliza mwenzake. Mwenzake anasema aliiona jana kwenye meza ya kukatia vyuma. Wanakwenda wote wawili, hawaikuti. Anakwenda stoo kuomba nyingine, anakuta mtunza stoo ametoka. Anaporudi na spana mkononi zimeshapita dakika 12. Bolti yenyewe anaikaza kwa sekunde 20.

Nimesimama karibu na mambo ya namna hiyo mara nyingi, karakanani na ofisini, na kinachonisumbua si dakika zenyewe. Ni kwamba hakuna anayeziandika. Kwenye daftari la kazi huingia saa ya kuanza, saa ya kumaliza na neno "imetengenezwa", basi. Dakika za kupekua droo hufunikwa na kazi yenyewe, na mtu akimwona yule fundi anavyozunguka huku na huku atasema huyu bwana anachapa kazi kweli.

Hali ikizidi, uongozi hutangaza siku ya usafi. Kila mtu anashika fagio, makabati yanahamishwa, magunia ya takataka yanajaa, jioni mahali panapendeza na picha zinapigwa. Wiki mbili baadaye spana iko tena kwenye meza ya kukatia vyuma. Hapo lawama huangukia watu: hawana nidhamu, hawajali, wamezoea vibaya. Sikubaliani na lawama hiyo hata kidogo. Siku ile ya usafi mahali palisafishwa, lakini hakuna kilichoamuliwa. Usafi unaonekana leo kwa macho. Mpangilio ni makubaliano: kitu hiki kikishatumika kinarudi hapa, na kisipokuwepo kila anayepita atajua. Makubaliano hayo yasipofanywa, fagio haliwezi kuyaleta.

Muda wetu na muda wao

Wajapani wana neno muda. Linatamkwa karibu sawasawa na letu, ila kwao maana yake ni upotevu: jambo linalokula nguvu na saa bila kuongeza chochote kwenye kazi. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyeishi kati ya 1912 na 1990 na ambaye ndiye anayetajwa zaidi panapozungumzwa mfumo wa uzalishaji wa kampuni ile, alizigawa muda hizo katika aina saba: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu, kufanya kazi kupita kiwango kinachotakiwa, kulimbikiza akiba, mwendo wa mwili usio na tija, na kasoro zinazolazimisha kazi irudiwe.

Mrudie fundi wetu na orodha hiyo mkononi. Alitembea bure. Alisubiri mtunza stoo. Spana ya pili aliyoazima ipo kwa sababu watu wamezoea ya kwanza kupotea, kwa hiyo nayo ni akiba iliyolimbikizwa. Na akichoka kutafuta akatumia namba 14 kwa bolti ya 13, ataharibu kichwa cha bolti, na hiyo ni kasoro. Tatizo dogo la mahali pa kuweka spana limeshazaa aina nne kati ya saba. Ndiyo maana mtu anayeuliza "tutaongezaje kasi?" mara nyingi anapaswa kwanza kutazama vitu vilipowekwa, kabla ya kutazama mikono ya watu.

Ushahidi wa zamani na mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka kwenye uashi. Frank Gilbreth, Mmarekani, alianza kujifunza uashi mwaka 1885 akiwa kijana wa miaka 17. Aligundua kwamba waashi waliomfundisha hawakujenga kwa namna moja, na kwamba kila mmoja alikuwa na mwendo mmoja akienda polepole na mwingine akifanya haraka. Akaanza kuwatazama kwa makini. Matofali yalikuwa yamerundikwa chini, miguuni pa mwashi. Ili kuinua tofali moja lenye uzito wa kilo mbili hivi, mtu aliinamisha kiwiliwili chote, akakiinua tena, kisha akageuzageuza tofali kutafuta uso wake mzuri. Halafu akaligongagonga kwa mwiko ili likae sawa kwenye chokaa.

Gilbreth alitengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, lenye rafu ya matofali na chokaa usawa wa kiuno. Akaweka wasaidizi wa kuyachagua matofali mapema na kuyapanga, uso mzuri ukiwa upande mmoja. Akahakikisha chokaa inachanganywa kwa ulaini unaoliruhusu tofali likae kwa kusukumwa na mkono tu. Miendo 18 ya kuweka tofali moja ikapungua hadi 5, na mwashi aliyekuwa akiweka matofali 120 kwa saa akafikia 350.

Soma tena uone ni nini kilichobadilika. Mwashi hakuambiwa akaze. Hakuhubiriwa bidii. Kilichohama ni tofali.

Maneno matano yanayoanza na herufi moja

Utaratibu unaojulikana zaidi duniani wa kupanga mahali pa kazi ulikomaa katika viwanda vya Japani, na unabebwa na maneno matano: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Waliouleta katika Kiswahili walifanya kazi nzuri ya lugha, maana walipata vitenzi vitano vinavyoanza na herufi ileile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukutani yanapendeza. Kasoro yake ni kwamba yakisomwa kama wimbo, yanaonekana ni hatua tano za uzito sawa, na watu huishia kutumia nguvu zao zote kwenye ile ya tatu. Hayana uzito sawa. Mawili ya kwanza ni maamuzi, la tatu ni ukaguzi, na mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua kama kazi yote itafika mwezi ujao.

Kusasambua ni kutenga kinachohitajika na kisichohitajika. Kwa maneno ni rahisi, lakini ukisimama mbele ya rafu na mota mbovu mkononi, kila mtu ana sababu ya kuibakiza: huenda ukapatikana waya wake wa kopa, huenda akaja mtu kuiulizia, aliyeileta ni bosi wa zamani. Hasa hasa, hakuna anayejua nani ana mamlaka ya kusema iondoke. Kwa hiyo inabaki, inachukua nafasi ya kitu kinachotumika, na kile kinachotumika kinakwenda kukaa sakafuni.

Dawa ya viwandani ni lebo nyekundu. Kitu chenye shaka hakitupwi wala hakirudishwi rafuni. Kinafungwa lebo yenye jina lake, tarehe, jina la aliyeiweka na sababu, kisha kinapelekwa eneo moja lililotengwa. Muda unapangwa, siku 30 kwa mfano, na anatajwa mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Anayekihitaji katika siku hizo anakuja kukichukua na kuiondoa lebo. Siku zikiisha bila kuguswa, yule mwenye kauli anaamua: kiuzwe, kipewe idara nyingine, kivunjwe, au kifutwe kwenye daftari la mali kwa taratibu zilizopo. Uzuri wake ni kwamba swali limebadilika. Watu hawabishani tena kama kitu kina faida, mjadala usio na mwisho kwa sababu karibu kila kitu kina faida mahali fulani. Wanaulizwa kilitumika lini mara ya mwisho, na nani. Hilo lina jibu.

(Nyaraka zina sheria zake. Vitabu vya hesabu, mafaili ya wafanyakazi na kumbukumbu za wagonjwa huwa na miaka maalumu ya kutunzwa, na siku ya kusasambua si siku ya kuikisia. Aulizwe mwenye dhamana ya masijala kabla lebo haijafungwa.)

Kuseti ndiko kwenye utamu, na ndiko watu hukosea wakidhani wamepatia. Kosa la kawaida ni kupanga vitu kwa ukoo wake: spana zote pamoja, bisibisi zote pamoja, grisi na vilainishi kwenye kabati lake. Inapendeza machoni, lakini kazi haiji kwa ukoo. Fundi anayebadilisha beringi ya mashine fulani anahitaji spana mbili, koleo moja, nyundo ya mpira, kivuta beringi na kopo la grisi, vyote kwa saa moja na mahali pamoja. Kama kazi hiyo inafanyika kila wiki, vitu hivyo vina haki ya kukaa pamoja kwenye trei moja karibu na mashine hiyo, hata kama itabidi inunuliwe koleo ya ziada. Muuguzi anayefunga vidonda anajua hili siku nyingi: trei ya kidonda ina vya kidonda.

Baada ya hapo kinachoamua umbali ni idadi ya mara kitu kinavyoguswa. Cha kila saa kikae mkono unapofika bila kusimama. Cha kila siku kikae hatua chache. Cha kila wiki kabatini, cha mwaka mara moja stoo. Kizito kikae usawa wa kiuno, kwa sababu ileile ya tofali la Gilbreth. Rafu ya juu kabisa na ya chini kabisa ni za vyepesi visivyotumika sana. Na kabla hujapanga chochote, keti siku nzima utazame kazi inavyokwenda. Ukipanga kwa kukumbuka, utapanga kazi unavyodhani inafanyika.

Ubao unaosema kisichokuwepo

Karakana nyingi zina ubao wa zana wenye kivuli: kila spana imechorwa umbo lake ukutani kwa rangi, na mahali pake hapafai kitu kingine. Watu huuona kama pambo. Kazi yake hasa ni kujibu swali moja kwa kutupa jicho mara moja: nini hakipo? Droo iliyojaa zana 40 haiwezi kukuambia kwamba zana ya 41 haipo. Ubao wenye umbo moja tupu unakuambia ukiwa mlangoni.

Kwenye matengenezo ya ndege jambo hili huchukuliwa kwa uzito unaostahili. Zana hukaa kwenye trei za sponji zilizokatwa kwa umbo la kila moja, huhesabiwa kabla na baada ya kazi, na ikikosekana moja, ndege haitolewi mpaka ijulikane ilipo. Bisibisi iliyosahauliwa karibu na nyaya za usukani ni hatari kwa uhai wa watu. Vivyo hivyo chumba cha upasuaji: pamba na vyombo huhesabiwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kushonwa.

Kwenye umbo tupu ongeza kitu kimoja: kijibao chenye jina la aliyechukua. Kila mfanyakazi anakuwa na vijibao vitatu au vinne vyenye jina lake. Akichukua zana, anatundika kimoja mahali pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kijibao ndilo daftari jepesi kuliko yote, kwa sababu halihitaji kalamu, ukurasa wala mtu wa kuandika. Nimeona karakana iliyojaribu kitabu cha kuazimia zana ikashindwa ndani ya siku nne, ikaja kufaulu kwa vijibao. Kitabu kilitaka sekunde 40 kutoka kwa mtu mwenye mikono ya grisi. Kijibao kilitaka mbili.

Kuna kisa kinachoonyesha hili kwa ukaribu zaidi. Mwaka 1961 Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani, alitembelea kiwanda cha Yamada Electric. Wafanyakazi walikuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye vitufe viwili, na chini ya kila kitufe ilitakiwa iwekwe springi. Mara kwa mara mtu alisahau springi moja, swichi ikafika kwa mteja mbovu, na msimamizi akawasihi wafanyakazi wawe makini zaidi. Wakawa makini kwa muda, wakasahau tena.

Shingo hakuongeza nasaha. Alipendekeza kisahani kidogo. Kabla ya kugusa swichi, mfanyakazi achukue springi mbili kutoka sandukuni na kuziweka kwenye kisahani, ndipo azipachike. Akimaliza na kisahani kina springi, amesahau, na anajua hapohapo. Zamani springi zilikuwa zikichotwa moja moja kutoka kwenye sanduku lenye mamia, na sanduku lenye mamia halionyeshi kwamba moja haikuchukuliwa. Kisahani kinaonyesha. Mbinu za jamii hiyo sasa huitwa poka-yoke, yaani kuzuia makosa ya kupitiwa. Jina la kwanza lilikuwa na maana ya kumkinga mpumbavu, likabadilishwa baada ya mfanyakazi mmoja kuumizwa nalo. Nafurahi lilibadilishwa. Kusahau si upumbavu. Ni hali ya kila mtu anayerudia jambo moja mara 300 kwa siku.

Kusafisha, kwa ufupi

Kusafisha nitakupitia haraka, kwa kuwa hakuhitaji utetezi. Neno moja tu: anayeifuta mashine awe yule anayeitumia, si mfagiaji aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Anayeitumia ndiye atakayesikia kwa mkono kwamba mkanda umelegea, au ataona tone jipya la oili kwenye sakafu ambayo jana ilikuwa kavu. Kwenye sakafu chafu tone hilo halionekani mpaka limekuwa dimbwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mashine huonekana kwanza kwa mwenye tambara.

Kinachofanya mpangilio udumu

Hapa ndipo mipango mingi hufia, na ninataka kukaa hapa kidogo.

Kusanifisha maana yake ni kulifanya lililokubaliwa lionekane bila kuuliza. Si lazima liwe waraka wa kurasa 20. Fikiria rafu ya karatasi za kuchapishia: mstari mwekundu umechorwa kwenye ubao wa nyuma, na rundo likishuka chini ya mstari, yeyote anayeuona anapeleka kadi iliyoning'inia hapo kwa mwagizaji. Au tumia masanduku mawili ya skrubu: la mbele likiisha, unavuta la nyuma na kupeleka tupu likajazwe. Toyota ilijenga mfumo wake mzima wa kadi, kanban, juu ya wazo la aina hii: hitaji lenyewe ndilo linaloita bidhaa. Anayefanya kazi hahitaji kukumbuka wala kukisia, na mwajiriwa mpya anauelewa asubuhi yake ya kwanza.

Halafu kuna kushikilia, ambako Wajapani hukuita shitsuke, neno wanalolitumia pia kwa malezi ya mtoto. Wengi hulifasiri kuwa nidhamu, kisha hufikiri nidhamu huletwa na ukali. Mimi naona linategemea mambo matatu. La kwanza ni hesabu nyepesi: linganisha taabu ya kuchukua kitu na taabu ya kukirudisha. Mtu anapochukua, ana haja, yuko tayari kutembea. Anaporudisha, haja imekwisha na kazi nyingine inamwita. Kwa hiyo kurudisha kunapaswa kuwe rahisi kuliko kuchukua, na karibu kila mahali nilipopaona mambo ni kinyume: droo inayokwama, sanduku lililo chini ya masanduku mengine mawili, funguo za kabati zilizo kwa mtu aliyeko likizo.

Mfano mmoja wa ofisini. Mkasi wa idara ulikuwa na mahali pake rasmi, droo ya katibu muhtasi. Kila siku ulikutwa kando ya mashine ya kuchapisha, na kila wiki kulikuwa na barua pepe ya kuwakumbusha watu waurudishe. Siku moja mtu akauliza kwa nini uko kule. Kwa sababu ndiko karatasi zinakokatwa. Kwa nini zinakatwa kule? Kwa sababu fomu zinachapwa mbili kwa karatasi moja. Mkasi ukafungwa kwa kamba fupi kwenye mguu wa meza ya mashine, na barua pepe zikakoma. Kitu kinachokutwa kila mara nje ya mahali pake huenda kinakuonyesha mahali pake hasa. Kabla ya kukemea, hamisha mahali.

La pili ni saa. Ukitaka watu warudishe vitu, wape dakika za kurudisha, ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Dakika tano za mwisho wa zamu, mashine zimezimwa, kila mtu kwenye eneo lake. Mahali ambapo zamu hukatika ghafla watu wakikimbilia usafiri, zamu inayoingia huanza siku kwa kukusanya vya wengine, na chuki huanzia hapo.

La tatu ni nani aliyeamua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka hospitali nane katika miji minane duniani ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya orodha kuanza kutumika. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mwingine, kutoka hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako kutumia orodha hiyo kulikuwa kumefanywa sharti. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Orodha ilikuwa ya aina ileile. Wataalamu wamejadili sababu kwa urefu, na hospitali hizo zilianza zikiwa na vifo vichache tangu mwanzo. Lakini maelezo mojawapo yaliyotolewa yananiingia akilini kwa sababu nimeyaona kwa macho kwenye kazi ndogo zaidi: karatasi inayotoka juu hutiwa alama ya vema, na alama ya vema si kitendo. Watu hulinda mpangilio waliouchora wenyewe. Kwa hiyo umbo la spana ukutani lichorwe na mkono wa fundi anayeitumia, hata kama mstari utakuwa umepinda.

Karatasi na kompyuta

Ofisini vitu vingi havina uzito wala umbo, lakini maswali ni yaleyale. Nianze kwa kumtetea mwenye rundo. Mtu ambaye meza yake ina rundo moja la karatasi, na kila anayoishika huirudisha juu, ana utaratibu mzuri kuliko anavyodhaniwa. Zinazotumika mara kwa mara huelea juu, zisizotumika huzama. Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan, wanasayansi wa kompyuta, walithibitisha kihesabu kwamba katika orodha inayopekuliwa kuanzia mwanzo, kanuni ya kurudisha mbele kile kilichotumika mwisho haigharimu zaidi ya takriban mara mbili ya utaratibu bora kabisa, hata ule unaojua mapema kila kitakachoombwa. Mtu huyo asisumbuliwe.

Kanuni hiyo inavunjika pale ambapo watu ni wawili. Rundo langu linatunzwa na kumbukumbu yangu. Nikiugua, wewe huwezi kulisoma. Hapo ndipo ninapoweka mpaka: meza ya mtu ni yake, ila chochote kinachoshikwa na zaidi ya mmoja kinahitaji makubaliano. Nimeona ofisi zikichora vivuli vya stepla na kikombe kwenye meza za watu kwa jina la mpangilio. Huko ni kuwaudhi watu bure, na ukishawaudhi kwa kikombe hawatakusikiliza kwenye folda ya pamoja, ambako ndiko hasara ilipo.

Folda ya pamoja ina ugonjwa unaojulikana: "mkataba mwisho", "mkataba mwisho kabisa", "mkataba mwisho 2 umesahihishwa". Waraka uwe na makazi mamoja; wanaouhitaji kwingine waweke kiungo, wasinakili, maana nakala mbili zikishaanza kuhaririwa kila moja kivyake hakuna anayejua ukweli uko wapi. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama 2025-03-07, ambao ndio wa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 8601 tangu 1988. Faida yake haiko kwenye ukimataifa: kompyuta ikipanga majina kwa herufi na tarakimu, inayapanga kwa wakati pia, bila mtu kufanya chochote. Ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zitakaa pamoja na hakuna kitakachofuatana. Ngazi za folda ziwe chache, na kila folda iwe na mwenyewe anayetajwa kwa jina, atakayeulizwa ikijaa takataka.

Pa kuanzia

Usianze na jengo zima. Bandika karatasi moja ukutani, na kwa wiki moja kila mtu anayetafuta kitu zaidi ya dakika moja aandike jina la kitu na mstari mmoja. Asitajwe mtafutaji wala aliyekiweka vibaya, kitu tu. Ijumaa hesabu mistari. Karibu kila mara vitu vitatu au vinne ndivyo vitakuwa vimebeba sehemu kubwa ya karatasi, na mara nyingi si vile ambavyo msimamizi angevitaja. Panga hivyo vitatu tu, pamoja na wanaovitumia. Wiki ya tatu bandika karatasi nyingine.

Kwenye karakana ya yule fundi, spana namba 13 iliongoza kwa mistari 17. Ubao wao wa zana ulikuwa ukutani karibu na mlango, hatua 22 kutoka kwenye mashine zinazofunguliwa kila siku. Waliukata vipande viwili. Kipande kikubwa kilibaki pale mlangoni, na kidogo, chenye maumbo sita tu, kikatundikwa kwenye nguzo ambayo mtu aliyelala chini ya mashine anaifikia kwa kunyoosha mkono. Wiki ya tatu namba 13 ilipata mstari mmoja. Siku hiyo kulikuwa na kijibao chenye jina kwenye umbo tupu, na aliyekuwa akiitafuta hakuwa amekitazama.